Nyumba, Kichwa na Kaya: Juu ya Kipimo cha Malipo ya Tiba katika Ugogo na Nchi ya Kati

Makala haya yanahusu malipo ya matibabu katika nchi ya kati ya Tanzania, yaani Ugogo hasa, pamoja na sehemu za jirani za Singida na Igunga. Si nia yetu kuandika habari za hospitali zote zilizojengwa huko, wala kuhesabu maradhi yaliyotibiwa. Tunalotaka kulichunguza ni jambo moja: mtu alitozwa gharama za kuuguzwa kwa kipimo gani, na kipimo hicho kiliitwaje. Mwenye kusoma sheria na matangazo ya miaka yetu hii atakuta majina mengi: ada, mchango, bima, msamaha, kadi, kitita, na huenda akadhani kwamba kila jina lilikuja na mambo yake mapya. Lakini tukiyafuata majina hayo mpaka vijijini, twaona ya kwamba majina yamebadilika sana, na kipimo alichopimiwa mkulima kimebadilika kidogo mno tangu zamani za Wadachi.

Yafaa kuanza na neno kaya, kwa kuwa ndilo lililobebeshwa mzigo mkubwa. Pwani ya Kenya neno hili ni jina la makao ya kale ya Wamijikenda yaliyozungukwa na msitu. Katika Kiswahili cha sensa na cha ofisi za serikali ni watu wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Katika Kigogo kaya ni mji mzima wa mtu: tembe lenye kuta za miti na udongo na dari bapa, limejengwa kuuzunguka ua wa ng'ombe, na ndani yake kila mke ana nyumba yake, akiba yake ya nafaka, na watoto wake. Peter Rigby, aliyekaa na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu ya ng'ombe na undugu wa Wagogo mwaka 1969, aliyapambanua maneno haya mawili, nyumba na kaya, kwa uangalifu mkubwa, maana bila ya kuyapambanua haiwezekani kufahamu mali ya Mgogo ni ya nani. Mifugo hugawiwa nyumba. Mamlaka ni ya mwenye kaya. Basi kaya ya Kigogo ina vyungu vingi, na aliyeandika kwamba kaya ni chungu kimoja hakuwa akiifikiria nchi hii.

Kabla ya serikali kuhesabu nyumba za watu, malipo ya tiba yalikuwa ada. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni desturi. Waswahili waliligeuza kidogo likawa lile linalotolewa kwa kufuata desturi: ada ya mwalimu, ada ya kungwi, ada ya mganga. Ndani ya neno hili, basi, mna fikira kwamba kiasi cha malipo si shauri la mpokeaji peke yake. Kimekwisha kukadiriwa na wengi waliotangulia. Mganga wa Ugogo, muganga kama wasemavyo wenyewe, alipewa kitu kidogo mwanzo wa kazi, na kitu kikubwa kilifuata mgonjwa akisha kupona. Kitu hicho kilikuwa kuku, au mbuzi, na kwa jambo zito ng'ombe. Aliyekuwa hana mnyama aliomba kwa ndugu zake, na mjomba au shemeji aliyetoa mnyama aliandika deni hilo moyoni, si kwenye karatasi.

Tusiipambe desturi hii kupita kiasi. Mtu asiye na ndugu alikuwa na shida zamani kama aliyonayo leo, na wapo waganga waliozimaliza zizi za watu kwa ugonjwa usiopona. Hata hivyo tabia zake mbili zastahili kukumbukwa, kwa sababu hazikuonekana tena kwa muda mrefu. Kwanza, sehemu kubwa ya malipo ilingoja matokeo. Pili, malipo yalifuata zizi: mwenye ng'ombe arobaini hakupimwa sawa na mwenye mbuzi wawili.

Kipimo kingine kiliingia kwa amri ya Novemba 1897, alipokuwa Liebert ni gavana wa nchi iliyoitwa Afrika Mashariki ya Wadachi. Amri ile iliweka kodi ya nyumba, na huko shamba kiasi chake kilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka. Ngome za Mpwapwa na Kilimatinde zilikuwa zimekwisha kusimama, na askari wa kukusanya walikuwapo. Kodi ile haikuwa ya tiba, wala hakuna aliyetibiwa kwa sababu ameilipa. Tunaitaja kwa ajili ya kipimo chake. Iliuliza mlango, haikuuliza zizi. Tena karani yeyote aliyesimama mbele ya tembe la Kigogo lenye wake watatu alikuwa na swali gumu la kujibu: je, hii ni nyumba moja au ni tatu?

Hapa pana jambo la kustaajabisha ambalo wanahistoria wa Ugogo, kwa kadiri tulivyosoma, hawakulitilia mkazo. Serikali ile ile ya Ujerumani ilikuwa imeweka kwao, mwaka 1883, chini ya Bismarck, sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi. Katika sheria ile mfanyakazi alitoa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja, na kiasi kilihesabiwa kwa mshahara. Mwenye mshahara mdogo alitoa kidogo, mwenye mkubwa alitoa kikubwa, na wote wawili walitibiwa. Watawala walioondoka katika nchi iliyokuwa na kipimo cha mshahara wakafika Ugogo na kipimo cha mlango. Hatusemi kwamba wangeweza kupima mishahara mahali ambapo hapakuwa na mishahara. Lakini ng'ombe walikuwapo na walihesabika, na mkulima wa Ugogo angeweza kuelewa hesabu ya ng'ombe kuliko hesabu ya milango.

Waingereza hawakukivunja kipimo hiki, walikiongezea. Sheria yao ya mwaka 1922 ilikuwa ya kodi ya nyumba na ya kichwa pamoja, na mwanamume mwenye wake wengi alitozwa kwa kila nyumba ya mke. Nchi ilikuwa imetoka tu katika Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo wazee wa Ugogo waliiweka kuwa alama ya kuhesabia umri. Mvua zilikosekana, ni kweli, lakini kabla ya mvua kukosekana majeshi ya pande mbili yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kodi ya kichwa iliwakuta watu wasio na akiba. Katika nchi inayopata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, na mwaka mwingine haipati hata nusu ya hizo kwa wakati ufaao, kiasi kisichobadilika kina uzito unaobadilika kila mwaka. Jambo hili litarudi.

Chini ya Sir Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, watemi na majumbe walipewa hazina zao, zilizojazwa kwa fungu la kodi hiyo. Katika hazina hizo zilitoka fedha za zahanati ndogo za wenyeji na mishahara ya wasaidizi waliofunga vidonda na kugawa dawa. Hapo kwa mara ya kwanza kodi ya nyumba na tiba zilikutana: mkulima alitibiwa kwa fedha alizokwisha kutoa, ingawa hakuna aliyemweleza hivyo.

Pembeni mwa zahanati hizo palikuwa na misheni. Dk. Baxter wa Church Missionary Society alifika Mpwapwa mwaka 1878, kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kupandishwa huko. Baadaye hospitali za misheni hiyo zilikua Mvumi na Kilimatinde. Mvumi ilijulikana hata ng'ambo kwa sababu Dk. Paul White wa Australia, aliyefika huko mwaka 1938, alitunga juu yake hadithi nyingi za watoto zilizosomwa katika lugha kadhaa. Hospitali za namna hii ziliendeshwa kwa sadaka za mbali, ruzuku, na malipo ya wagonjwa. Na palikuwa na aina ya tatu, ya wenye ajira: reli iliyofika Dodoma mwaka 1910, na mashamba makubwa ya karanga ya Kongwa kati ya 1947 na 1951, ambayo yalikuwa na hospitali yao. Mtu mwenye mwajiri alitibiwa kwa sababu ya kazi yake, na aliyemaliza mkataba akarudi kijijini aliiacha tiba hiyo langoni pamoja na koleo. Mgawanyiko wa mwenye mshahara na asiye na mshahara, ambao leo twauona katika rangi za kadi, umeanzia huko.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda mbio. Taarifa ya Titmuss na wenzake, iliyotolewa mwaka 1964, ilishauri vituo vya afya vijengwe karibu na watu badala ya kuongeza vitanda vya mijini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatiwa na siasa ya matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo kutoka kaya zilizotawanyika mpaka katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari; wengi waliacha matembe yao, na mifugo mingi ilikosa malisho ya karibu, lakini zahanati zilifuata. Mwaka 1977 sheria ikawakataza watu binafsi kutibu kwa faida, ikiruhusu mashirika ya dini yaliyokubaliwa. Kwa muda wa miaka ishirini na kitu mtoto wa Bahi au wa Kongwa aliweza kuzaliwa na kukua bila ya kuona dirisha la malipo katika zahanati ya serikali. Hilo ni jambo kubwa, na wale wanaosema leo kwamba watu wamezoea vya bure wasisahau kwamba vya bure hivyo vililipiwa na mazao ya wakulima wenyewe, yaliyonunuliwa na vyombo vya serikali kwa bei isiyokuwa yao. Kilichoshindikana ni dawa. Kufika mwisho wa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda, bei za mafuta, na mapatano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, zahanati zilikuwapo, mganga alikuwapo, na kabati lilikuwa tupu.

Mwaka 1991 tiba ya watu binafsi iliruhusiwa tena, na mwaka 1993 likatokea neno ambalo wataalamu wa lugha yafaa walitazame kwa makini: kuchangia. Matangazo hayakusema kwamba mgonjwa atalipa. Yalisema atachangia gharama. Mzizi wake ni changa, na katika matumizi ya kawaida watu huchanga kwa ajili ya arusi, maziko, au kumsafirisha mgonjwa. Mchango una sifa tatu. Hutolewa na wengi kumpa mmoja mwenye haja. Kila mtu hutoa kwa kadiri awezavyo. Na asiye nacho huja na kuni au maji. Malipo ya 1993 hayakuwa na hata moja ya sifa hizi. Mwenye haja ndiye aliyetoa, peke yake, siku ile ile ya haja, kwa kiasi kilichobandikwa ukutani. Tukiyaita kwa jina lake ilikuwa ni bei. Hatuna ugomvi na serikali inayotoza bei ikiwa haina fedha nyingine, lakini neno la arusi lililotumika kuifunika bei hiyo liliwanyima watu hoja, kwa kuwa ni vigumu kwa mtu mwenye adabu kusema kwamba mchango ni mkubwa mno.

Neno la pili ni msamaha. Watoto walio chini ya miaka mitano, waja wazito, wagonjwa wa kifua kikuu, wa ukoma na wa akili walitolewa katika malipo, na baadaye wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Fukara wengine walisamehewa kwa barua ya uongozi wa kijiji. Ila msamaha hutolewa kwa mkosaji au mdaiwa. Mzee aliyefika dirishani na barua yake alikuwa ameingizwa katika hali ya kuomba radhi kwa kuugua. Tena aliyepaswa kumsamehe ni kituo kile kile ambacho kilitegemea fedha za dirishani kununulia glavu na sabuni, na hapana hazina iliyokirudishia kituo fedha za waliosamehewa. Basi msamaha ukawa ni mali ya mtoaji, naye mtoaji hakuwa na mali. Aliyeandikiwa dawa isiyokuwapo akaambiwa akanunue dukani alikuwa amesamehewa kwa karatasi tu.

Hapa turuhusiwe kutaja neno lingine la Ugogo, ingawa liko kando kidogo ya njia yetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilikuwa ikilipa hongo kwa watemi wa Ugogo, na wasafiri kama Burton na Stanley waliinung'unikia kwa kurasa nyingi. Hongo ile ilikuwa ushuru wa njia na maji, wa halali kwa mpokeaji, uliokatwa kwa mazungumzo ya wazi yaliyoweza kuchukua siku nzima. Leo hongo ni jina la kosa, la kitu kinachopitishwa mkono kwa mkono pale kwenye foleni. Neno moja limetoka kwenye baraza likaingia mfukoni. Na katika safari hiyo limepoteza mazungumzo.

Mwaka 1996, katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, ulianza kujaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Fikira yake ilikuwa nzuri: mkulima hutoa fedha wakati wa mavuno, anapokuwa nazo, kisha hutibiwa mwaka mzima bila ya kulipa dirishani. Kiasi kilikuwa shilingi 5,000 kwa kaya kwa mwaka. Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliongeza kiasi kilicho sawa na kilichokusanywa. Nyongeza hiyo ikaitwa tele kwa tele. Jina hili ni la kweli kupita walivyokusudia waliolitunga, maana wilaya iliyokuwa na tele ilipewa tele, na ile ambayo mtama wake ulikauka shambani ilikusanya kidogo ikaongezewa kidogo.

Jaribio likaenea, Singida na kwingineko, mpaka likawa sheria Na. 1 ya mwaka 2001. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria Na. 8 ya mwaka 1999, ulianza kazi kwa watumishi wa serikali. Kwa mtumishi kiasi kilikuwa asilimia sita ya mshahara, nusu yake ikitolewa na yeye na nusu na mwajiri. Naye alitibiwa pamoja na mwenzi wake na wategemezi wanne.

Hivyo vipimo viwili ambavyo Wadachi walikuwa wamevitenganisha kwa bahari, kimoja kwao na kimoja Ugogo, vilikuja kukaa katika mtaa mmoja. Karani wa wilaya ya Dodoma alipimwa kwa mshahara, kama mfanyakazi wa Bismarck. Mkulima wa Chamwino, ambaye labda ni ndugu yake, alipimwa kwa mlango, kama babu yake wa 1898. Mwalimu mwenye shilingi laki sita kwa mwezi alikatwa elfu kumi na nane, mwajiri akaongeza elfu kumi na nane, na mwenye mshahara mara tatu alikatwa mara tatu. Lakini mwenye kaya aliyevuna magunia sitini na yule aliyevuna mawili waliandikiwa kiasi kile kile, na hapana mwajiri aliyeongeza. Kodi ya maendeleo, mrithi wa kodi ya kichwa, haikufutwa mpaka mwaka 2003. Kwa miaka miwili hivi mtendaji wa kijiji aliweza kufika mlango mmoja na madaftari mawili yenye hesabu ya namna moja. Watu wakisema kwamba hawakuona tofauti, hawakuwa wajinga.

Walakini lawama ya wanavijiji haikuwa hasa juu ya kiasi. Kadi ya awali ilitumika katika kituo kilichoiandikisha. Aliyeugua akiwa machungani au kwa mkwewe wilaya ya pili alilipa kama asiye na kadi. Na hata katika kituo chake alikutana na kabati tupu. Hapa ndipo mwenye bima na asiye na bima walipokutana, mbele ya meza ya duka la dawa. Asiye na kadi alikuwa amelipa dirishani, sasa akalipa tena dukani. Mwenye kadi alikuwa amelipa wakati wa mavuno, sasa akalipa tena dukani. Tofauti yao ilikuwa ni mwezi wa malipo ya kwanza. Mtu aliyeona hayo mwaka mmoja, asipokata kadi mwaka wa pili, usimwambie kwamba hafahamu maana ya bima, ameifahamu barabara. Bima ni neno tulilopewa na wafanyabiashara wa Kihindi, na katika biashara mtu hununua ahadi kwa kuamini kwamba itatimizwa. Ahadi isipotimizwa hurudi kuwa kodi.

Yafaa kusifu palipofanywa vyema. Dodoma ndiko lilikotengenezwa dawa ya ugonjwa huu wa kabati. Kuanzia mwaka 2011 mradi wa Tuimarishe Afya, kwa msaada wa Uswisi, uliupanga upya mfuko katika mkoa huo: waandikishaji wakawekwa vijijini badala ya kumngoja mtu mpaka augue, na majina yakatunzwa kwa mashine badala ya madaftari. Mwaka 2014 ukaanzishwa mfumo ulioitwa Jazia. Bohari ya Dawa ya taifa ikikosa dawa fulani, vituo vya mkoa huunganisha mahitaji yao na kuyanunua kwa muuzaji mmoja aliyechaguliwa kwa ushindani, kwa bei iliyojulikana mbele. Jina lake ni zuri kwa sarufi na kwa maana: si jaza, ni jazia, yaani kumjazia mtu pengo lililoachwa na mwingine. Mfumo huu baadaye ulipelekwa mikoa mingine ya nchi. Ni nadra kwa Ugogo kuwa mwalimu wa taifa zima, na jambo hili halijulikani kama inavyostahili.

Mwaka 2018 mfuko ulioboreshwa ulitangazwa kwa nchi nzima. Kiasi kilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya isiyozidi watu sita, na kadi ikaweza kutumika kutoka zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Lile la kufungwa katika kituo kimoja likaisha. Lakini tazama hesabu ya sita. Ni ile ile ya mtumishi wa serikali: yeye, mwenzi, na wategemezi wanne. Familia ya nyumba za kota imekuwa kipimo cha tembe. Mwenye kaya ya wake wawili na watoto tisa, pamoja na mama yake mzazi, ni watu kumi na watatu, nao ni kadi tatu, shilingi 90,000, zitolewe kwa pamoja. Swali la karani wa Kidachi, kama hii ni nyumba moja au tatu, limejibiwa mwishowe: ni tatu.

Na kadi hiyo ilikuwa na mwisho wa njia. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifunguliwa mjini Dodoma mwaka 2015, karibu na Chuo Kikuu, na mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo. Kadi ya mtumishi ilifika huko. Kadi ya shilingi 30,000 ilikoma hospitali ya mkoa. Mgonjwa wa figo kutoka Mpwapwa au Chemba aliweza basi kufika mjini kwa rufaa, akaliona jengo kwa macho, na akaambiwa kwamba mbele ya hapo ni fedha taslimu. Vifurushi vya hiari ambavyo Mfuko wa Taifa ulivitangaza mwaka 2019 vilianzia shilingi 192,000 kwa mtu mmoja, si kwa kaya. Kwa mkulima wa mtama ni sawa na kusema havipo. Wenye kuhudhuria vikao vya Bunge wamesikia zaidi ya mara moja waheshimiwa wakiuliza juu ya maiti zilizozuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, na mawaziri wakitoa agizo kwamba zisizuiliwe. Mganga wa zamani, ambaye sehemu kubwa ya ada yake ilingoja kupona, asingekuwa na hoja ya kudai kwa mfiwa.

Mwenye kadi ya taifa naye asidhaniwe kuwa salama sana. Tarehe 1 Machi 2024 Mfuko wa Taifa ulianza kutumia kitita kipya cha mafao. Kitita, kwa asili, ni mzigo uliofungwa, wa kuni au wa fedha, na uzuri wake ni kwamba mbebaji anajua kilichomo. Hospitali kadhaa za binafsi zilisema bei zilizomo katika kitita hazitoshi gharama zao, zikasimamisha kuwapokea wanachama. Kwa siku hizo mtu aliyekuwa amekatwa mshahara kila mwezi kwa miaka alisimama mbele ya dirisha sawa na asiye na kadi, akiambiwa alipe au aende kwingine. Ugomvi ulikuwa wa mnunuzi na muuzaji. Aliyekuwa mgonjwa hakuwa mmojawapo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge, Dodoma, Novemba 2023, baada ya muswada wake kuletwa mwaka 2022 na kuahirishwa. Sababu kubwa ya kuahirishwa ilikuwa ni swali la nani atawalipia wasio na uwezo. Sheria iliyopita ililijibu kwa kuweka mfuko maalumu kwa ajili yao, na kuutajia vyanzo ambavyo vimo ndani yake ushuru wa vinywaji baridi, wa vileo, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Kwa mwanahistoria wa Ugogo hili ndilo fungu la kuwekewa alama. Tangu 1897 hapakuwa na fedha iliyokusudiwa kumtibu mkulima wa nchi kavu ambayo haikuhesabiwa kwa mlango wake au kwa kichwa chake. Hii itahesabiwa kwa chupa inayofunguliwa mjini. Kiasi cha fedha hizo kitategemea watu wa Dodoma na Dar es Salaam watakavyokunywa. Na orodha ya wasio na uwezo itabidi iandikwe kijijini, mbele ya watu wanaojuana kwa zizi na kwa ukoo, na mwenye kuiandika atalazimika kwanza kuamua kama mama mzee anayelala katika nyumba ya mke wa pili ni kaya yake mwenyewe, au ni mtu wa saba katika kaya ya mwanawe.